Matairi ya BMW ya mjomba: kisa cha usukani uliokuwa ukitetemeka

Mjomba wangu ana BMW R75/5 ya mwaka 1971. Aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, na tangu hapo imekaa Korogwe. Ni pikipiki ya silinda mbili zilizochomoza ubavuni, cc 745, nguvu za farasi 50, na gurudumu la nyuma linazungushwa kwa shafti badala ya cheni. Mjomba ana miaka 71 na bado anaiendesha. Kila mwezi huenda nayo Lushoto kuwaona wakwe zake, mkaza mjomba akiwa nyuma na mfuko wa nazi umefungwa kwenye keria.

Februari ya mwaka jana alinipigia simu. Tulipomaliza shikamoo na habari za nyumbani, akaniambia: "Mwanangu, hii BM imeanza kunikataa. Nikifika tisini kichwa kinacheza. Nimekaza kile kirungu cha juu mpaka mikono inauma, bado."

Kirungu anachokisema kipo katikati ya usukani. Ukikizungusha kinaubana usukani ili usiyumbe ovyo. Kimewekwa kwa ajili ya barabara mbovu na mizigo mizito. Mtu akiona kila mwezi anazidi kukikaza kwenye lami nzuri, ajue anafunika ugonjwa. Nikamwomba asipite sabini mpaka nifike, na Jumamosi nikatoka Tanga.

Nilichokikuta

Kwa mtazamo wa haraka matairi yalikuwa mazima. La mbele lilikuwa na meno ya kutosha. Nilipima kina cha mifereji nikapata karibu milimita 4. Saizi yake 3.25-19, ndiyo ile iliyotoka nayo kiwandani. Mtu angeweza kusema hapa hakuna neno, akaenda kutafuta ubaya kwengine.

Lakini nilipofuta vumbi ubavuni nikaisoma tarehe. Matairi mengi yana herufi DOT zikifuatwa na mlolongo wa alama, na mwisho wake ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kuanzia mwaka 2000 tarakimu hizo ni nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Kabla ya hapo zilikuwa tatu tu, na matairi mengi ya miaka ya 1990 yaliongezewa kipembetatu kidogo pembeni ili yasichanganywe na ya muongo uliotangulia. La mjomba lilisema 238 na kipembetatu. Wiki ya 23, mwaka 1998. Tairi lile lilikuwa na umri wa mtu mzima mwenye watoto. Nilibonyeza kwa ukucha, ukucha ukateleza kama kwenye meza ya formeka. Na chini ya mifereji, pale ambapo huoni mpaka uukunje mpira, kulikuwa na nyufa nyembamba zimezunguka tairi zima.

La nyuma lilikuwa na hadithi nyingine. Lilikuwa 120/90-18, la meno makubwa, la pikipiki za porini, limetengenezwa wiki ya 41 ya mwaka 2019. Mpira wake ulikuwa bado laini. Fundi aliyelifunga mwaka 2020 alitafuta 4.00-18 mjini hakuipata, akaona hili ni la inchi 18 na linaingia, akalifunga. Simlaumu. Mjomba alikuwa na msiba Lushoto na alihitaji kusafiri kesho yake.

Tatizo ni kwamba "linaingia" si sawa na "linakaa". Upande wa ndani wa uma wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, rangi ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa, alama ya ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Tairi lilikuwa linaugusa uma kila pikipiki inapobeba watu wawili na kuinama kwenye kona. Mjomba akaniambia pia kwamba akitaka kutoa gurudumu kuziba pancha lazima kwanza atoe upepo wote, la sivyo halipiti. Pikipiki hizi za shafti zina nafasi finyu hapo nyuma, na ukiona tairi halitoki bila kutolewa upepo, uma umeshakuambia kwamba tairi limezidi.

Kabla ya kuyahukumu matairi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi mwenyewe nimewahi kununua matairi mapya kwa pikipiki ambayo ugonjwa wake ulikuwa beringi. Kwa hiyo tuliisimamisha kwenye stendi ya kati, tukaweka gogo chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie, tukalegeza kile kirungu kabisa. Nikauzungusha usukani polepole kushoto na kulia: haukukwama katikati, haukuwa na chezo. Nikashika gurudumu la mbele juu na chini nikalitikisa, kimya. Nikausukuma uma wa nyuma kwa pembeni, haukusogea. Nikagonga spoku moja moja kwa spana ndogo nikisikiliza mlio. Nyuma mbili zilitoa mlio mzito wa kulegea, tukazikaza. Mengine yote yalikuwa salama, kwa sababu mjomba ni mtu wa grisi.

Nikamuuliza kitu ambacho ningewaomba wote wamuulize mwenye pikipiki kabla ya kushika spana: inatetemekaje? Kuna kutetemeka kwa usukani peke yake, haraka haraka, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Huko mara nyingi asili yake ni mbele: tairi, balansi, beringi za usukani. Na kuna kuyumba kwa mwili wote wa pikipiki, polepole, kama ngalawa inayopigwa na wimbi la ubavuni. Huko mara nyingi kunatoka nyuma. Mjomba alifikiri kidogo akasema anavyo vyote viwili: kichwa kinaanza kwenye tisini, mwili unaanza akiingia kona akiwa amebeba.

Na pikipiki yenyewe si ya kusamehe. R75/5 za mwanzo zilikuwa fupi kati ya gurudumu na gurudumu, zikajulikana kwa kuyumba kwenye mwendo mkubwa, mpaka mwaka 1973 BMW wakarefusha uma wa nyuma kwa milimita 50. Ya mjomba ni ya kabla ya hapo. Kosa la tairi ambalo pikipiki nyingine ingelimeza, hii inalitoa mikononi mwa dereva.

Hesabu ya namba

Ukielewa namba za ubavuni, nusu ya kazi imekwisha. Katika mtindo wa zamani, 4.00-18 maana yake ni upana wa inchi 4 kwenye rimu ya kipenyo cha inchi 18, na urefu wa ubavu unakaribia kulingana na upana. Katika mtindo mpya, 120/90-18 ni upana wa milimita 120, na ubavu ni asilimia 90 ya upana huo.

Tufanye hesabu. Rimu ya inchi 18 ni milimita 457. Tairi la 4.00 linaongeza kama milimita 102 juu na 102 chini, jumla karibu 660. Lile la 120/90 linaongeza 108 mara mbili, jumla 673. Kwa hiyo nyuma ya pikipiki ilikuwa imenyanyuka kwa milimita 6 na kitu. Kwa pikipiki fupi kama hii hiyo ni kama robo digrii ya mwinamo wa uma wa mbele. Ni kidogo, na sitaki kudai kwamba peke yake ingemwangusha mtu, ila imeelekea upande mbaya: ukinyanyua nyuma, usukani unakuwa mwepesi zaidi na unapoteza ule utulivu wa kujirudisha wenyewe. Saa ya mwendo nayo ilikuwa inadanganya, maana kwenye BMW hizi inaendeshwa kutoka kwenye giaboksi. Mjomba akiona 90 alikuwa anakwenda karibu 92.

Kubwa kuliko yote ni upana wa rimu, jambo ambalo karibu hakuna muuza tairi anayekuuliza. Nilisugua rimu kwa brashi ya waya nikasoma muhuri: 1.85, mbele na nyuma. Hiyo ndiyo nafasi kati ya ukingo na ukingo, kwa inchi. Matairi mapya ya milimita yamebuniwa kwa rimu pana zaidi. La 90/90 hupimwa kwenye rimu ya 2.15, la 100/90 na la 110/90 kwenye 2.50, la 120/80 kwenye 2.75. Ukilibana tairi pana kwenye rimu nyembamba, linafanya kama puto ulilolishika kwa chini kwa nguvu: juu linachongoka. Mgongo wa tairi unakuwa mkali, pikipiki iliyonyooka inasimama kwenye ukanda mwembamba, na ukiiinamisha inaangukia kona badala ya kuingia taratibu. Ubavu nao unabaki mrefu na mlegevu juu ya msingi mdogo, unapepea. Ongeza yale meno makubwa ya porini yanayojipinda kila moja peke yake kwenye lami, utaelewa ile ngalawa ya mjomba ilitoka wapi.

Yaliyokuwepo sokoni

Tulikuwa na njia tatu, na mjomba alitaka nimweleze kila moja.

Ya kwanza ilikuwa ya karibu na ya bei nafuu kuliko zote. Royal Enfield Classic 350 ya kizazi cha mwaka 2021 inatumia 100/90-19 mbele na 120/80-18 nyuma, na matairi yake ya Kihindi yanapatikana Dar es Salaam na Nairobi. Rimu zake nyingi pia ni za spoku na tyubu. Kipenyo cha rimu ndicho hicho hicho, na mwenye duka alishika kalamu tayari kuandika risiti. Herufi ya mwendo ni P, yaani kilomita 150 kwa saa, na mjomba hapiti mia. Kwa hiyo mwendo haukuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa ule upana. Tungekuwa tunarudi pale pale kwenye puto lililobanwa, safari hii mbele na nyuma.

Ya pili ilikuwa kutafuta mbadala wa karibu kabisa kwa milimita: 90/90-19 mbele na 110/90-18 nyuma. Kipenyo cha la kwanza kinafika kama 645 dhidi ya 648 ya 3.25, na la pili 655 dhidi ya 660. Ni njia ya heshima. Wengi wenye pikipiki za zamani wanaitumia na wanafika. Kama rimu ya nyuma ya mjomba ingekuwa 2.15, labda ningeishia hapo.

Ya tatu ilikuwa kurudi kwenye saizi ya kiwandani. Watu hudhani 3.25-19 na 4.00-18 zimekwisha duniani. Hazijaisha. Viwanda kadhaa vya Ulaya bado vinazitengeneza kwa mpira wa kisasa, na Metzeler Lasertec ni mfano mmoja: mbele 3.25-19 54H, nyuma 4.00-18 64H. H ni kilomita 210 kwa saa, zaidi ya pikipiki inavyoweza. Namba 54 ni kilo 212 kwa tairi, 64 ni kilo 280.

Tukapiga hesabu ya mzigo kwenye karatasi ya daftari. Pikipiki na mafuta yake karibu 210, mjomba 78, mkaza mjomba 65, nazi na vikorokoro 20. Jumla 373. Hata ukiweka asilimia 60 nyuma, ni kama kilo 224, na tairi linabeba 280. Hapo mjomba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ni mtu aliyefanya kazi ya mizani shambani, anaamini hesabu ya kilo kuliko maneno.

Alikuwa na ombi moja. Kwenye picha ya zamani, tairi la mbele lilikuwa na mistari iliyonyooka kuzunguka, na alilitaka la namna ile. Nilimwelewa. Lakini mistari ile hufuata mikwaruzo na mifereji ya barabara kama gari moshi linavyofuata reli, na pale wanapokarabati lami na kuichana kabla ya kumwaga mpya, usukani unavutwa huku na huko. Kwa mtu ambaye usukani umeshamtia hofu, sikutaka. Akakubali, ingawa nilimwona anaiangalia ile picha.

Na jambo ambalo sikutaka kulijadili kabisa ni kununua moja tu. Tairi la nyuma lilikuwa halijaisha, na majirani walisema ni kupoteza pesa. Matairi ya mbele na nyuma yanafanya kazi pamoja. Yanapotoka familia moja, yanainama kwa kasi moja na yanashika kwa namna inayofanana. Ukichanganya la lami mbele na la porini nyuma, kila mwisho wa pikipiki unakwenda kona kwa hesabu yake.

Kununua na kufunga

Binamu yangu anaishi Hamburg. Aliyanunua huko akaja nayo likizo ya Juni, yamefungwa pamoja kama chapati, tyubu zikiwa ndani yake. Nilimsisitiza asome tarehe kabla ya kulipa: yote mawili yalikuwa ya wiki ya 14 ya mwaka 2024. Nilikuwa na sababu. Mwezi wa nne nilishaonyeshwa dukani tairi la 4.00-18 linang'aa, na vinywele vyake vya kiwandani bado vipo, muuzaji akiapa ni jipya. Tarehe yake ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Lilikuwa halijatumika, hilo kweli, lakini mpira unazeeka hata ukiwa rafuni.

Kufunga tulifunga wenyewe, chini ya mwembe. Tuliondoa kanda ya zamani inayofunika vichwa vya spoku, ilikuwa imeoza, tukaweka mpya. Tyubu mpya za saizi hiyo hiyo, kwa sababu tyubu kubwa kuliko tairi hujikunja, na mkunjo hukatika njiani. Unga wa poda kidogo ndani. Kingo za tairi tulizipaka maji ya sabuni; tafadhali msitumie grisi wala mafuta, vinakula mpira na kuliacha tairi lizunguke kwenye rimu. Kitone cha njano, sehemu nyepesi ya tairi, tulikiweka usawa wa vali. Mshale wa mzunguko nilimpa mjomba ausome mwenyewe kwa sauti, mara mbili.

Ile nati ndogo ya vali hatukuikaza kwenye rimu. Tuliirudisha juu karibu na kifuniko. Ikiwa tairi litateleza kwenye rimu na kuivuta tyubu, utaiona vali imeinama na utakuwa na muda wa kurekebisha. Ukiwa umeikaza, haiinami, inachanika.

Tukajaza upepo, tukatazama ule mstari mwembamba wa ubavuni kama uko mbali sawasawa na rimu kuzunguka pote. La nyuma lilikaa kombo mara ya kwanza. Tukatoa upepo, sabuni tena, likakaa. Nikaweka psi 28 mbele na 32 nyuma, na 35 nyuma akiwa na abiria, upepo ukipimwa asubuhi tairi likiwa baridi.

Barabarani

Nilitaka kujua ugonjwa ulikuwa wa nani, kwa hiyo siku ya kwanza nilibadilisha la mbele tu na kuipeleka mwenyewe njia kuu ya Mombo. Kirungu kimelegezwa. Themanini, tisini, tisini na tano: kichwa kimetulia. Ule mtikisiko wa haraka ulikuwa wa lile tairi gumu la 1998. Lakini kwenye kona pana, na kila nilipovuka mstari wa rangi, mwili bado ulikuwa unayumba.

Kesho yake tukafunga la nyuma. Lilipita kwenye uma likiwa na upepo wake wote, na kati ya tairi na chuma kidole changu kilipita. Mjomba aliona hilo akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikarudi njia ile ile kwa mwendo ule ule, na kuyumba hakukuwepo.

Kilomita 150 za kwanza nilimwomba aende polepole na asiilaze sana, kwa sababu tairi jipya lina utelezi juu mpaka liparuzwe na barabara. Alizimaliza kwa siku mbili, akienda na kurudi sokoni bila haja yoyote.

Kisha tukapanda Lushoto, yeye na mkaza mjomba mbele, mimi nyuma yao na pikipiki yangu. Barabara ile kutoka Mombo ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima mkono mmoja na bonde mkono mwingine, na kabla ya Soni kuna mahali lami ina maji karibu mwaka mzima. Nilikuwa namtazama mabega. Miezi minne nyuma alikuwa anaingia kila kona kwa kuikata vipande vipande, anainamisha, anasita, ananyoosha, anainamisha tena. Sasa aliingia kwa mstari mmoja na kutoka kwa mstari mmoja. Tulipofika Soni alisimama, akavua helmeti. Mkaza mjomba akateremka na kuuliza kwa nini leo hajashikwa na kiuno.

Imeshapita kilomita 3,000 na zaidi. La nyuma limeanza kulika katikati kidogo, kawaida ya njia ndefu iliyonyooka, la mbele bado. Alama ya sarafu kwenye uma tuliipiga msasa na rangi, na haijalika tena. Mjomba ameandika kwa chaki ukutani mwa banda tarehe ya matairi, upepo wa mtu mmoja na upepo wa wawili. Pikipiki inalala kwenye stendi ya kati, na chini ya gurudumu linalogusa sakafu ameweka ubao, kwa sababu sakafu ile ina mafuta ya miaka arobaini.